Ukurasa wa Afya na Punje za Mahindi

Siku yangu ya kwanza kazini sikumtibu mtu hata mmoja. Nilisoma gazeti. Jana yake nilikuwa nimefika kwenye zahanati moja kule Kwamsisi, baiskeli imebeba godoro na sanduku la bati, mfukoni nina cheti kipya cha mganga msaidizi na majivuno ya kuwatosha waganga wawili. Asubuhi Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alilitazama koti langu jeupe nililolipiga pasi ya mkaa, kisha akanipa gazeti lililokunjwa.

"Wasomee ukurasa wa afya. Kwa sauti, na polepole."

"Mzee, wagonjwa wanasubiri."

"Ndio hao hao utakaowasomea."

Gazeti lilikuwa la Jumanne, na siku ile ilikuwa Ijumaa. Utingo wa basi alilitoa Korogwe, akalishusha njiani, na mwendesha baiskeli yeyote aliyekuwa anakuja kwetu akalimalizia safari. Habari za siasa zilikuwa zimeshachacha, lakini ukurasa wa afya haukuwa na haraka.

Kabla sijaanza, Mfawidhi alipitisha kwenye mabenchi kopo lenye punje za mahindi. Utaratibu wake ulikuwa huu: nikisoma dalili ya ugonjwa, mwenye nayo anachukua punje moja, anaifumbata kiganjani, hasemi neno. Akifika dirishani anaziweka mezani. Mwenye punje tatu au zaidi aliingizwa chumba cha ndani akapimwe, hata kama alikuja kwa ajili ya kikohozi tu.

Nilidhani ni mchezo wa watoto. Mfawidhi akanionyesha benchi kwa kidevu. "Yule bwana ameketi na mama mkwe wake. Ukimuuliza hapa kama anaamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, atakujibu nini?" Nikalifungua gazeti. Kwetu Uzigua heshima ya mkwe si jambo la mzaha, na wengi waliifia heshima hiyo wakiwa wamekaa kimya kwenye benchi la zahanati.

Huko chumba cha ndani ndiko nilikojifunzia kazi hasa. Kupima sukari hakukuwa na mashine. Tulitia matone ya mkojo kwenye bomba la kioo lenye dawa ya buluu, tukachemsha juu ya moto wa spiriti. Dawa ikibaki buluu, mtu anakwenda zake. Ikigeuka kijani, halafu njano, mnaanza kutazamana. Ikifika rangi ya tofali, unavuta kiti na kuongea naye taratibu. Harufu ya spiriti ile naikumbuka mpaka leo, na nikisema ninaitamani msinicheke.

Baada ya miaka saba nilihamishiwa Misima, safari hii mimi ndiye mfawidhi, na kopo la mahindi nikalichukua kama urithi. Siku moja akaja kwa ukaguzi Mganga Mkuu wa Wilaya, mtu mrefu, mkali, aliyekagua hata kucha zetu. Akaona punje zimetapakaa mezani.

"Hii ni zahanati au mashine ya kusaga?"

Nikamweleza. Alikwenda akaketi benchini katikati ya akina mama wenye watoto, akaniashiria nisome. Ukurasa wa siku ile ulihusu shinikizo la damu, ambalo sisi sote tunaliita presha. Nilipomaliza, alinyanyuka akaweka punje nne mbele yangu mwenyewe, mbele ya watu. Nikamfunga mkanda wa presha mkononi, nikaujaza upepo, nikasikiliza kwa kifaa cha masikioni. Namba ilinitisha nikaogopa kuitamka.

"Itaje," akasema. "Nimekuja kukagua, si kubembelezwa."

Tangu siku ile hakuna mtu Misima aliyeona haya kuchukua punje. Mimi nilisimulia kisa hicho kila nilikokwenda, na nilikisimulia vizuri. Kukisimulia tu, basi.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa kituo cha afya huku bondeni Korogwe. Huko kulikuwa na mtaalamu wa maabara, vijiti vya kupimia, na vitabu vikubwa vya takwimu tulivyovijaza mpaka vidole vikaota sugu. Wasimamizi wangu wapya waliniambia kwa adabu kwamba mahindi hayamo kwenye mwongozo. Walikuwa na haki yao. Nikaliacha kopo kabatini, nikawapima watu kwa vijiti hadi nikastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi.

Sasa naishi na mke wangu, Mama Mwajuma, hapa hapa Korogwe. Gazeti la leo nalisoma leo, anasa ambayo Mfawidhi wangu wa kwanza hakuipata. Kila asubuhi nakaa barazani namsomea mke wangu ukurasa wa afya, kwa sauti na polepole, na nikifika kwenye dalili natafuta mwenye nayo. Kiu isiyokatika? Huyo ni jirani yetu muuza mkaa. Macho yenye ukungu? Huyo ni shemeji yetu wa Mombo, hata nauli ya basi anasogeza machoni. Mganga mstaafu ni kama shangazi wa harusi, hakosi la kusema juu ya mtu.

Asubuhi moja ukurasa ulikuwa wa kisukari. Nilisoma dalili saba na kuzigawa mtaa mzima. Mama Mwajuma alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilipokunja gazeti nikaona ameniwekea maharage matano kwenye mkono wa kiti changu.

"Ya nini haya?"

"Umesoma dalili saba, Baba Mwajuma. Tano ni zako." Akazihesabu bila kunitazama: kiu, haja ndogo, macho, ganzi ya nyayo, na kidonda cha kidole cha mguu kilichotokana na ndala mpya, ambacho nilikuwa nakifunga bandeji kwa ufundi mkubwa wiki ya sita ile.

Nilikasirika. Niliyasukuma maharage yakaanguka sakafuni. "Mganga hajigangi," nikamwambia.

"Hakuna aliyekuambia ujigange. Nimekuambia ukapimwe."

Nilikwenda hospitali kesho yake, kwa hasira zaidi kuliko kwa busara. Tabibu alikuwa binti mmoja mpole aliyeniamkia shikamoo mara mbili. Akaniuliza, "Mzee, mara ya mwisho kupima sukari ilikuwa lini?" Nikamwambia nimepima watu ambao hesabu yao siijui. "Ya kwako, mzee," akasema. Nikatazama dari. Sukari ilikuwa juu sana, na kidole kilikuwa kimeanza kuoza chini ya bandeji yangu nzuri. Kilikatwa. Mguu ulibaki, na waliniambia bila kuficha kwamba ningechelewa mwezi mmoja zaidi nao ungeondoka.

Vijana mnaosomea kazi hii, mtafundishwa mashine ambazo mimi sijaziona. Jifunzeni vizuri. Lakini jina lako likae kwenye rejista kabla ya la mgonjwa wako, kila mwaka, na usijipime wewe, akupime mwenzako. Mimi nilisubiri mpaka nikatolewa damu na mtu ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, na aibu niliyoisikia iliuma kuliko kisu.

Siku ya tatu wodini Mama Mwajuma alikuja na chungwa, akakaa kitandani akilimenya kwa kisu. Nusu yangu, nusu yake, ndivyo wauguzi walivyomwelekeza kwa ajili ya sukari yangu. Nikaona siwezi tena kujificha.

"Mke wangu, mimi nilijua," nikamwambia. "Tangu masika ya mwaka jana nilijua. Niliogopa."

Kisu hakikusimama. "Na mimi nilijua tangu masika."

"Sasa mbona ulikaa kimya mwaka mzima?"

"Mganga ni wewe," akasema. "Nilikuwa nangoja useme."

Nililia. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walidhani ni kidonda kinachouma.