Kabla Nalongo Hajapelekwa Arua

Mimi na Nalongo tuliishi Masindi, kwenye nyumba za askari, tangu ndoa zetu zikiwa changa mpaka watoto wetu walipoanza kuvunja sauti, na hatukuwahi kuyaona maporomoko ya Mto Nile. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuyaona. Sisi tulikuwa majirani zake, tunafua magwanda ya waume zetu na kuwasikia wageni wakiyasifia dukani. Mke wa askari hakutoka kambini bila ruhusa, na ruhusa ilikuwa ya mazishi na ya kujifungua. Kuomba ruhusa ya kwenda kutazama maji, nani angethubutu? Angechekwa kambi nzima.

Nalongo si jina lake. Ndivyo Waganda wanavyomwita mama aliyezaa mapacha, na ingawa yeye si Mganda hata kidogo, ni mtu wa Arua, tangu mapacha wake wazaliwe sijasikia mtu akimwita vinginevyo. Yeye huniita Mkenya. Nimeishi Uganda miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu, nimezaa hapa, nimezika mume hapa, na kwake bado ni Mkenya. Angeniita vingine ningedhani kanikasirikia.

Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Kambini kilikuwa cha wote, Mlugbara na Mwacholi na Mteso, na nyumbani mwangu kilikuwa lugha ya ndoa. Mume wangu alikuwa Mwislamu wa kaskazini, mimi Mkatoliki wa ng'ambo ya mpaka. Tuligombana kwa Kiswahili na tukapatana kwa Kiswahili. Alipofariki, lugha ikatoka nyumbani pamoja naye. Wanangu huzungumza nami Kiingereza. Wajukuu wanachanganya Kiingereza na Kiganda, na nikiteleza nikasema neno la Kiswahili wananitazama kana kwamba nimepiga chafya. Katika ghorofa yangu hapa Bukoto, jijini Kampala, naweza kuanza na chai ya asubuhi nikafika kwenye taarifa ya habari sijafungua kinywa ila kumsalimu mlinzi wa geti. Upweke ninao, sioni haya kusema. Ulikuwa unatoka siku ninazokwenda Bwaise kwa Nalongo, tukaketi kizingitini pake na kuwasengenya wake wa askari waliokwisha kufa zamani.

Siku moja nilimkuta amepandisha godoro juu ya meza. Bwaise mvua ikinyesha kidogo tu mtaro unafurika, na maji yanaingia ndani bila hodi. Mapacha wake, wanaume wazima wenye kazi zao, walikuwa wamechoka kuja kumtoa mama yao kwenye tope. Walikuwa wamemjengea nyumba Arua.

"Bati iko juu," akaniambia. "Sasa wanapiga sakafu. Simenti ikikauka, mimi naenda."

"Ikauke lini?"

"Mimi najua? Wewe Mkenya uliza simenti."

Nikacheka. Lakini Arua si karibu. Kwa miguu yetu, na kwa umri wetu, mtu akishahamia Arua mnabaki kuonana kwenye misiba, na huenda msiba wenyewe ukawa wa mmoja wenu. Nikajisikia nikisema, bila kufikiri sana, "Basi kabla hujaenda twende Masindi. Twende tukaone yale maji."

"Na Kibiro," akasema.

Kibiro iko upande wa Hoima, chini ya bonde, kando ya Ziwa Albert. Huko maji yanatoka kwenye mwamba yakiwa yanachemka, na wanawake wanapika chumvi kutoka kwenye udongo, kazi ambayo binti hurithi kwa mama yake. Tulikuwa tukinunua chumvi yao sokoni Masindi. Nalongo alikuwa na hakika kwamba akiyaloweka magoti yake katika maji yale atarudi akipiga magoti msikitini kama msichana.

Tangu siku hiyo tukawa na jambo la kuzungumza. Barabara ya Bombo, ambayo ndiyo ya kwenda huko, inapita karibu na mlango wake, kwa hiyo safari nzima tuliiona kutoka pale kizingitini: Kawempe, Luweero, daraja la Kafu, pale tukate kushoto, Masindi, halafu ndani ya mbuga mpaka juu ya maporomoko, mahali mto mzima unapobanwa kwenye ufa wa jabali. Tulibishana. Mimi nilitaka maporomoko kwanza na Kibiro baadaye. Yeye alitaka Kibiro kwanza, maana na magoti yale hawezi kupanda kwenye maporomoko. Magoti yapone ndipo apande. Nikamwambia maji ya moto si sindano. Akaniambia Wakenya hawana imani. Tulibishana kuhusu chupa ya chai, kuhusu nani akae dirishani, kuhusu kama ni vizuri wajane kuonekana wakila muhogo wa kukaanga kando ya barabara. Sijafurahi hivyo tangu nifiwe.

Kilichotukosesha raha ni gari. Mwanangu wa kwanza ana gari zuri, nikaona ni rahisi: nitamwomba atupeleke mwisho wa wiki moja, alale hotelini akitaka, atuache na maji yetu. Nikamwambia. Kumbe nilikuwa nimeitisha mkutano.

Asiyeijua Kampala nimweleze. Hapa mtu haoi, haagi, hazikwi wala hapongezwi bila kamati. Jumapili iliyofuata wanangu wote na wake zao na waume zao walijaa sebuleni kwangu. Mwanangu akawa mwenyekiti, mdogo wake katibu, binti yangu mweka hazina. Mkwe wangu anayekaa Nateete akapewa mapishi. Wakafungua kwa sala. Mimi nilikuwa jikoni nikiwachemshia chai, na niliporudi na sinia walikuwa wameshapita maporomoko, wamefika kwenye fulana.

Ndiyo, fulana. Zingechapishwa picha yangu kifuani. Safari ingekuwa Desemba, shule zikifungwa, wajukuu wote waende, basi likodiwe. Wakati huo, binti yangu akaeleza, barabara itakuwa kavu na Mama hatateleza. Yote hayo kwa Kiingereza safi, na kwa upendo, sitaki kuwasingizia. Walikuwa na furaha iliyonikata maneno. Nilipotaka kusema, katibu akaniambia, akicheka, "Mama, pitia kwa mwenyekiti."

Nikapitia kwa mwenyekiti. Nikauliza, "Na Nalongo?"

Wakatazamana. Mkwe wangu wa mapishi, ambaye ni mpole kuliko wote, ndiye aliyejibu. "Mama, hii ni safari ya familia."

"Desemba atakuwa Arua."

"Basi tutampigia picha nyingi," akasema, akanishika mkono.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto, na sikuwa na mahali pa kuiweka hasira hiyo. Ungemgombeza nani? Watu wamekuja kukupangia furaha. Nikakusanya vikombe. Walipoondoka waliacha viti vimeelekeana katikati ya sebule, nikakaa kwenye kimojawapo, na nyumba ilikuwa kimya kuliko kabla hawajaja.

Kesho yake nikaenda Bwaise nikamsimulia Nalongo. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso, hasa pale kwenye fulana. "Bannange, jamani! Kichwa yako kwa tumbo ya watu!" Kisha akaacha kucheka. "Mimi siko familia. Iko sawa. Mimi ni nini?"

Familia ilikuwa neno dogo kwake. Mwanangu wa pili alizaliwa mikononi mwake, mvua ikinyesha, waume zetu wote wawili wako doria. Nilisema tu, "Wewe ni wa kukaa dirishani," na huko ndiko kumwambia kwamba tunakwenda.

Tukala njama kama wasichana wa bweni. Hatutamwambia mtoto yeyote, wangu wala wake. Tutapanda basi la Masindi, tulale kwa mjane mmoja tunayemfahamu aliyebaki huko, na asubuhi tukodi teksi mpaka maporomokoni. Kibiro tutaona kama miguu itakubali. Hata suala la magoti alilegeza. Alisema atapanda kwenye maporomoko kwa matako kama ni lazima. Tulikubaliana kuondoka Alhamisi. Sakafu ya Arua, kwa habari alizokuwa nazo, bado ilikuwa mbichi.

Jumanne mvua ikanyesha kutwa. Bukoto tuko juu, sisi mvua tunaisikiliza tu. Nilimpigia simu jioni haikupatikana, nikasema labda umeme umekatika kwao. Jumatano asubuhi bado haikupatikana, nikavaa viatu vyangu vya zamani nikaenda.

Maji yalikuwa yameshapungua yakaacha tope. Mlango wa Nalongo ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na godoro, hapakuwa na meza, na mama jirani alikuwa akisukuma tope nje kwa ufagio.

"Nnyabo, mama, hukuambiwa?" akaniuliza. "Vijana walikuja na pikapu. Wamemchukua alfajiri. Walisema simenti kauka, haikauka, mama hapana kulala tena kwa maji."

Nikamshukuru. Nikaingia nikasimama katikati ya chumba kile, kwenye alama ya miguu ya meza, sijui nikitafuta nini. Sikulia. Nilikuwa nimechoka ghafla, nikatamani mahali pa kukaa, na hapakuwepo.

Simu ikalia. Namba nisiyoijua.

"Mkenya! Wewe iko wapi?"

"Niko kwako."

"Kwangu gani? Mimi iko barabarani." Sauti yake ilikuwa inapigana na upepo. "Simu yangu ilikufa kwa maji. Hii ni ya mtoto. Niliwaambia wapite Bukoto nikuage, wanasema jam, wanasema jam. Unasikia?"

"Nasikia."

"Kule Kafu mimi nilimwambia huyu mtoto, kata kushoto kidogo tu, tuone ile maji ya Masindi. Yeye nacheka. Anasema, Mama, siku ingine." Kisha akapandisha sauti. "Mkenya, sasa tunafika Karuma."

Barabara ya Arua inauvuka Mto Nile pale Karuma, juu ya maporomoko madogo. Madogo ukiyalinganisha na yale yetu. Siku hizi maji mengi yamegeuzwa njia kwenda kwenye bwawa la umeme, na askari hawaruhusu gari kusimama darajani. Mtu anayaona kwa muda wa kuvuka tu.

"Umekaa dirishani?" nikamuuliza.

"Dirishani. Sasa ngoja. Ngoja. Hii hapa! Mkenya, iko nyeupe! Iko nyeupe yote! Sikia, natoa simu nje, wewe sikia!"

Nikaziba sikio la pili kwa kidole. Mama jirani akaacha kufagia. Nilichosikia ni upepo, upepo mtupu unaopiga simu iliyotolewa nje ya gari linalokimbia, na mahali fulani ndani yake sauti ya mwanamume ikisema, Mama, rudisha mkono ndani, funga kioo.

"Unasikia?" Nalongo alikuwa akipiga kelele kwa mbali. "Mkenya, unasikia maji?"

"Nasikia," nikamwambia. "Nasikia vizuri sana. Usifunge dirisha."