Kidonge Ambacho Hakuna Aliyekionja

Juzi, kwenye famasi moja ya Gisozi, nilimwona mama mmoja akipokea vidonge vya kumwachisha mumewe pombe, na harufu ya maranda na urwagwa ikanirudia.

Baba yangu alikuwa seremala. Kila asubuhi Mama alimpa kidonge cheupe kutoka hospitalini, na tangu aanze kukimeza hakuwa amekunywa. Alasiri moja baba mdogo akaja na jerikeni la urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi. Kwetu anayetoa pombe huionja kwanza, ili anayepewa ajue haina sumu. Baba mdogo akaonja, akamsogezea kaka yake.

"Kidogo tu, mukuru wanjye. Au unanikataa?"

Baba akanywa. Punde uso ulimwiva, akapiga magoti kwenye maranda akitapika, akihema kama msumeno.

Mimi nikawaza kitoto: pombe ilionjwa, kidonge hakuna aliyekionja. Basi sumu ni kidonge. Nikavitupa vidonge vyote chooni, nikiamini nimemwokoa. Sikujua kwamba kazi ya kidonge ilikuwa hiyohiyo, kuifanya pombe isinyweke.

Kesho yake Mama akakuta kopo la vidonge ni tupu, akamgeukia Baba.

"Sijavigusa, Mama Keza. Nakuapia."

Mama hakumwamini, wala hakurudi tena hospitalini kumchukulia vingine. Baba alikuwa ametudanganya mara nyingi sana kuhusu pombe. Siku hiyo alisema kweli, nami niliyeijua nilinyamaza, hata aliporudia pombe, mpaka ikamuua, tukamzika.