Mikono ya Mzee

Mwalimu wetu wa uchoraji hakosoi picha kabla ya kufumba jicho moja na kuifunika sura kwa kidole gumba. Anaguna, kisha anauliza lile lile: "Mikono iko wapi?" Maana sisi, mikono ikitushinda kuchora, tunaitia mfukoni. "Waoga wakubwa!" anasema, huku akibandua rangi iliyoganda kwenye kucha.

Jana alituletea picha ya mumewe aliyoichora mwenyewe, akataka tuikosoe bila kumwonea haya. Mzee kasimama wima, mikono nyuma. Tukatazamana. Nikafumba jicho moja, nikanyoosha kidole gumba.

"Mwalimu, mikono ya mzee iko wapi?"

Akaguna. "Nimemchora alivyo. Vyombo vikichafuka jikoni, hata mimi siioni."