Kutembea Bila Kazi

Mimi ni mwalimu wa mazoezi ya mwili katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi, kazi ambayo ndugu zangu hawajawahi kuiona kuwa kazi. Mwalimu wa hesabu anaheshimiwa. Mwalimu wa Kifaransa anaalikwa harusini kusoma hotuba. Mimi naulizwa kama ni kweli mwanamke mzima nalipwa kwa kupuliza filimbi. Kwa hiyo profesa mmoja aliponitafuta, akaniambia kwamba anafanya utafiti kuhusu faida za kutembea nje kwa watu wazima na anahitaji mtu wa kuwaongoza, nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Alikuwa mtu mpole, mwenye kuamini alichokisoma. Alisema kwamba kwingine duniani jambo hili limeshaonekana: mtu akitoka nje asubuhi, akatembea taratibu penye miti na hewa, bila haraka wala mzigo, usingizi wake hurudi, damu yake hutulia, huzuni hupungua. Yeye alitaka kujua kama ni hivyohivyo kwetu, kwenye vumbi jekundu na malori ya madini. Tungekusanya wazee wa huku kwetu Kampemba, tuwapime tension, yaani shinikizo la damu, tuwaulize wanalalaje, kisha tutembee nao asubuhi kuelekea upande wa Kasungami, mpaka pale nyumba zinapoanza kuachana na mashamba yanaonekana.

Wa kwanza niliyemwandikisha alikuwa mama yangu.

Mama aliuza samaki wakavu maisha yake yote. Alikuwa akipanda malori kwenda Pweto, ziwani, anarudi amekaa juu ya magunia, anauza sokoni mpaka gunia la mwisho, anaondoka tena. Kisha baba akafa, mgongo wa mama ukayakataa malori, na biashara ikaisha mwaka huohuo. Tangu hapo akawa analala mchana. Haukuwa usingizi wa mtu aliyechoka, ulikuwa wa mtu asiye na sababu ya kuamka. Nikirudi shuleni namkuta amegeukia ukuta, sufuria ziko vilevile nilivyoziacha. Nikimwita anajibu "Niko," basi. Niliogopa. Nilimwona mama yangu anaondoka kidogo kidogo huku bado anapumua, na sikujua nimshike wapi.

Siku ya kwanza walikuja watu wengi kuliko tulivyotarajia, kwa sababu ilikuwa imevuma kwamba kuna kitu kinagawiwa. Mzee mmoja alikuja na mfuko mtupu wa unga. Profesa alipoeleza kwamba hakuna kinachogawiwa, kwamba tutatembea tu mpaka kule na kurudi, mzee yule akaukunja mfuko wake. Kisha mama mmoja akauliza kwa adabu:

"Prof, kule tunaenda kufanya nini?"

"Hapana kitu, mama. Kutembea."

"Njo vile. Lakini tukifika, tutafanya nini?"

"Tutarudi."

Wakacheka mpaka wengine wakajifuta machozi. Profesa naye akacheka, asijue wanachokicheka. Mimi nilijua. Kwetu mtu mzima hatembei bila kazi. Anayepita mbele ya nyumba za watu asubuhi bila anakokwenda, ama hana kazi, ama hana akili, ama anachungulia ni nyumba ipi haina mbwa. Profesa akajaribu kuwatuliza kwa methali, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Yule mzee wa mfuko wa unga akamjibu kwamba kwa umri wake ataokota matusi. Baadaye niliifikiria ile methali nikakasirika. Hata yenyewe haikubali mtu atembee tu, lazima aokote.

Waliorudi mara ya pili walikuja wamejikinga. Karani mmoja mstaafu alikuwa na faili kwapani, tena amevaa tai. Mama mmoja alibeba jembe begani, ingawa shamba hana. Mwingine alikuja na Biblia na mwavuli, na jua lilikuwa linawaka. Profesa akasihi: mikono mitupu, mabega yaachiwe, ndivyo utafiti unavyotaka. Wakaitikia kwa heshima zote, na mara iliyofuata wakaja na vitu vyao vilevile. Mama yangu alikuwa amejitwika beseni lake la samaki, limefunikwa vizuri kwa kitenge.

"Mama, mumebeba nini?" nikamuuliza pembeni.

"Hapana kitu."

"Sasa juu ya nini?"

"Bantu banisalimie muzuri."

Nilicheka, na kwa kweli nilimwonea fahari. Utafiti ukaendelea hivyo, msafara wa wazee wenye faili, jembe, mwavuli na beseni, mbele yao mimi na filimbi yangu shingoni, tukipita barabarani kama watu waliofukuzwa ofisi moja. Mvua zilipoanza kundi likapungua. Karani akaumwa mguu, wengine wakapata vilio, misiba ya ndugu, na hawakurudi. Mwishoni profesa akasema amepata majibu ya kutosha kwa awamu ile, akashukuru kila mtu, akaenda kuandika. Mama hakuacha. Kila asubuhi, mimi nikienda shuleni, yeye alijitwika beseni akaenda peke yake.

Nilijua ameanza kupona siku aliponigombeza. Nilisonga bukari, ugali wetu, likawa na madonge, akaliangalia, akaniuliza ni mwanamume gani nimepanga kumwua. Nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha. Baada ya hapo nikawa narudi nyumbani na kumkuta ameketi mlangoni, ana habari. Nyumba ya geti la buluu wamepanda vitunguu na wanavimwagilia maji mengi mno. Kuna baba mmoja anaimba anapopiga mswaki. Huko mwisho, masuku, yale matunda ya porini, yameanza kuiva, aliokota mawili akala palepale bila kuyaosha, kama mtoto. Alinieleza kuhusu kichuguu kimoja kikubwa baada ya nyumba za mwisho, chenye miti juu yake. Akifika hapo anatua beseni, anavua viatu, anakaa.

"Munafikiria nini mukikaa pale?"

"Hapana kitu. Njo uzuri yake."

Jumamosi moja nilimfuata. Watu walimsalimia njia nzima, "Mama wa samaki, jambo!" naye anaitikia kwa kichwa kilichonyooka chini ya beseni. Kwenye kichuguu alikaa mgongo ukiegemea mti, miguu imenyooshwa mbele, mikono imelala mapajani. Sikuwa nimewahi kuiona mikono ya mama yangu imelala. Utoto wangu wote ilikuwa inafunga, inafungua, inachambua, inahesabu. Nilitamani kumpigia profesa nimwambie aache karatasi zake, aje aone.

Kisha siku moja katikati ya mvua za Januari nilirudi nikamkuta amelala, amegeukia ukuta. Beseni lilikuwa sakafuni.

Ilinibidi nimbembeleze mpaka jioni ndipo aliposema. Kwenye barabara moja ya mtaa anayopita kila siku kuna mama kijana, mgeni kidogo pale, ana mtoto mchanga. Alikuwa amemwita zamani anunue samaki, mama akamwambia wamekwisha. Siku nyingine akamwita, wamekwisha. Asubuhi ile akamsimamisha akicheka: samaki gani hao, unakwenda wamekwisha na unarudi wamekwisha? Akanyoosha mkono akafunua kitenge. Beseni lilikuwa tupu, kavu, safi. Mama akacheka, yule mama kijana naye akacheka, wakaagana. Hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba siku chache baadaye mtoto alishikwa na homa kali, na yule mama kijana akakumbuka beseni.

Mtoto alipona. Maneno hayakupona. Mama mzee anapita kila asubuhi na beseni tupu kichwani, haulizi njia, hauzi, hanunui, anatazama nyumba za watu, anakwenda mpaka kwenye kichuguu, anakaa na kichuguu, halafu anarudi na beseni limefunikwa. Anakusanya nini? Anapeleka wapi? Mwenye geti la buluu alisema vitunguu vyake vimeoza. Kwa maji yote yale, vingeachaje kuoza? Lakini nani angenisikiliza.

Jumapili baada ya misa alikuja chef wa avenue ile, kiongozi wa mtaa, na wanaume wawili. Niliwapa viti uani, nikaleta maji katika bilauri zetu nzuri. Wakashukuru, wakaziweka chini, hakuna aliyekunywa. Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa jambo.

"Madame, siye hatusemi kama mama iko mulozi, kama iko muchawi," alianza chef, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Hapana. Tunaomba tu bapumuzike kidogo. Bantu banaanza kuongea, na weye unajua bantu."

Nikaeleza. Nilieleza utafiti, tension, usingizi, hewa, profesa. Nikasikia jinsi ninavyosikika. Chef alinisikiliza mpaka mwisho, mtu wa adabu kweli, kisha akauliza:

"Recherche, ile utafiti yenu, njo inatuma mutu mukubwa atembee na beseni bule?"

"Anatembea juu ya afya yake!"

"Sasa beseni ni ya nini?"

Ningesema nini? Kwamba alilibeba kwa sababu yao, ili wamsalimie vizuri, ili wasimwite kichaa? Nilipandwa na hasira, nikasema maneno ambayo mwalimu hasemi. Mmoja wa wale wanaume akasimama. Ndipo mama akatoka ndani, amevaa vizuri, amefunga kilemba. Alikuwa nyuma ya pazia muda wote.

"Muende na amani," akawaambia. "Sitapita tena."

Wakamshukuru. Walishukuru sana, hata ilikuwa aibu kuwasikia.

Nilimpigia profesa. Alisikitika, tena kwa dhati. Kisha akasema ni jambo la maana, atalitaja katika maandishi yake, kwenye sehemu ya vikwazo. Sikumtukana. Nilikata simu nikakaa nayo mkononi. Nilimchukia yeye, nikamchukia chef, nikamchukia yule mama kijana ambaye naye alikesha na mtoto anayewaka moto na hakuwa na mwingine wa kumlaumu. Zaidi nilikichukia kile kitanda.

Mama alirudi kulala. Nilimwambia tupite njia nyingine, akasema njia zote zina watu. Nilimwambia tutoke pamoja jioni, akasema "Niko," kama zamani. Sufuria zikawa zinakaa nilivyoziacha.

Kisha nikakutana na chef barabarani. Alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya mama, na nilipomjibu vibaya akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba mbona jambo lenyewe ni dogo. Mama akiuza kitu, nani atamuuliza? Muuzaji anapita popote. Hata yeye chef atamwita anunue, watu waone. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa mjinga. Jibu lilikuwa palepale, kichwani kwa mama. Nikapita sokoni nikanunua kalanga, karanga mbichi nzuri, nikazikaanga kwa chumvi jioni nzima, nikazifunga katika vifuko vidogo, nikavipanga ndani ya beseni mpaka likajaa, nikalifunika kwa kitenge kipya. Nililala nimeridhika. Wazo lilikuwa la chef, lakini kazi niliifanya kwa mikono yangu.

Asubuhi nilimwamsha. Mvua ilikuwa imekatika, jua safi, ardhi inanukia. Nikamwonyesha.

"Mama, sasa hakuna mutu atasema kitu. Muko munauzisha."

Aliketi kitandani, akafunua kitenge, akatazama. Akachukua kifuko kimoja, akakipima mkononi jinsi alivyokuwa akipima samaki, bila kufikiri, kisha akakirudisha.

"Mutoto yangu," akasema taratibu. "Niliuzisha na mimba yako. Niliuzisha mu mvua. Tulizika baba yako, na kisha kilio niliuzisha, juu mungekula nini? Ile saa ya asubui, hakuna mutu alikuwa ananingojea. Sikuhesabu kitu. Ilikuwa mara ya kwanza."

"Mama, ni ya kubaonyesha tu. Hata musiuzishe moja."

"Bataniita, nitasimama. Bataomba nipunguze, nitapunguza. Nitafika ku kichuguu niko nahesabu." Akalisukuma beseni kwangu kwa vidole, polepole, asinikwaze. "Uzisha weye. Ni muzuri, ulikaanga muzuri."

Akalala tena, akajifunika, akageukia ukuta. Nilisimama pale na beseni langu lililojaa. Huko nje watu walikuwa wamekwisha kuanza kupita, mmoja na ndoo, mmoja na gunia la makaa, kila mtu anaitwa, kila mtu anaitikia, na jua lilikuwa linaingia mpaka kwenye mto wake. Nikaona bega lake linajikunja kila sauti inapokaribia. Mimi, niliyelipwa kuwaambia watu watoke nje, nilikwenda dirishani nikalifunga.