Programu ya Kudarizi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakutaka kabisa kusikia habari ya kubadilisha kompyuta. Kila nilipoigusia aliweka kiganja juu ya ile yake ya zamani, kama mtu anayemtuliza ng'ombe aliyeletewa mnunuzi, akaniambia, "Hii haijakufa. Juu ya nini munataka kuizika?"

Alikuwa Mkongomani wa Uvira, mshonaji tangu usichana wake, na aliishi nasi Toongabbie, Australia, katika kijumba kidogo nyuma ya nyumba yetu. Mimi ni Mtaita. Miaka ya mwanzo Kiswahili changu na chake vilipishana njiani. Aliposema "bibi ya pasta" alimaanisha mke wa mchungaji, nami nilikuwa nimeshamwona kichwani nyanya wa watu mwenye mkongojo. Aliposikia mimi nasema "nitakuja kesho kutwa" alisikia siku mbili badala ya moja, akanitazama kwa huruma kama ninayeshindwa kuchagua. Lakini tulizoeana. Mume wangu alisema tumetengeneza Kiswahili chetu wawili, ambacho yeye mwenyewe hakielewi vizuri.

Ile kompyuta ilikuja na mashine ya kudarizi. Aliinunua kwa fundi mmoja wa Smithfield aliyekuwa anafunga karakana yake, na ndani yake mlikuwa na programu ya kuchora mapambo na kuyageuza kuwa mishono. Siku ya kumfundisha, fundi alimwuliza anataka programu izungumze lugha gani. Kiswahili hakikuwemo. Kifaransa kilikuwemo, lugha ambayo masista walimfundishia kushona alipokuwa msichana, basi akachagua hicho. Kiingereza kilikuwa kimemshinda dukani, kwenye kituo cha treni na kwa daktari, lakini mbele ya programu ile alikaa wima na kubonyeza bila kusita.

Alichora maua ya maharagwe. Meupe na ya zambarau, na vikonyo vyake vilivyojisokota, kama yalivyokuwa katika shamba la mama yake kule mlimani juu ya ziwa. Kila mtoto aliyezaliwa kwa Wakongomani wa kanisa letu alipata nguo ya kupokelewa, shuka dogo la kumfungia, yenye maua hayo kwenye pembe zote nne. Hakurudia maua ya mtoto mmoja kwa mwingine. Alikuwa akiongeza jani au kugeuza ua lielekee upande wa pili, kisha anahifadhi faili mpya.

Mimi kazi yangu ni kompyuta. Nilihudumia ofisi moja ya Parramatta, na nilijua kwamba waliotengeneza mfumo wa uendeshaji wa kompyuta yake, yaani ule unaoiamsha na kusimamia kila kitu ndani yake, walikuwa wameacha kuutunza. Kurasa nyingi za intaneti hazikufunguka tena. Mikutano ya video ilimkataa. Mfumo mpya ulikuwepo, lakini mfumo mpya haukuipokea programu ya kudarizi, na toleo jipya la programu hiyo halikuweza kusoma faili zake. Kwa hiyo nilichokuwa namwambia ni ahamie nyumba nzuri na aache vyombo vyote nje. Naelewa kwa nini alikataa.

Jambo moja tu alinikubalia, nalo baada ya kumbembeleza sana: ninakili diski yake yote, pamoja na mfumo na programu na maua.

"Sichukui kitu, Mama. Ni kama kupiga picha."

"Picha ya tumbo lake?"

"Ya tumbo lake lote."

Akasogea kando kunipisha, lakini hakutoka chumbani mpaka nilipomaliza.

Halafu ikaja baridi ya mwaka wa pili wa korona, tulipofungiwa tena. Helikopta zilizunguka juu ya mitaa yetu ya magharibi mchana kutwa. Mume wangu aliendelea kwenda ghalani Wetherill Park, maana mizigo haikufungiwa, na kila mara alitakiwa kupimwa pua kwanza. Mimi nilihamishia ofisi kwenye meza ya jikoni. Wifi yangu, dada pekee wa mume wangu, alikuwa na mimba yake ya kwanza, naye aliishi Smithfield, mbali kuliko tulivyoruhusiwa kutembea. Lakini kwenda kumhudumia mtu kuliruhusiwa, na mama mkwe alishajipanga. Mtoto akikaribia, angekwenda kukaa na binti yake, amkande, ampikie uji, amwogeshe mtoto. Begi lake lilikuwa tayari karibu na mlango. Nguo ya mjukuu ilikuwa bado kwenye mashine, pembe mbili zimekwisha, mbili bado. Ya mjukuu wake wa kwanza hapa Australia hakutaka kuiharakisha.

Asubuhi moja aliniita kutoka uani. "Njoo uone. Imenyamaza."

Nilijaribu kila nilichokijua. Feni ilinguruma kidogo, kisha kimya, na skrini ikabaki nyeusi. Nilipoinua kichwa nikamwona amekaa kitandani, mikono mapajani. Hakulaumu mtu.

"Maua yapo, Mama," nikamwambia. "Ninayo ile picha."

Nikamweleza nilichokuwa nimekifikiria muda mrefu. Ningechukua kompyuta nyingine yenye mfumo mpya, halafu ndani ya mfumo huo mpya ningetenga nafasi, na katika nafasi hiyo ningeuamsha mfumo wake wa zamani, na programu yake, na faili zake. Mfumo wa zamani usingejua kwamba umehama. Ungedhani bado uko katika kompyuta yake.

Alifikiri kidogo. "Mupya inabeba ya zamani ndani."

"Ndiyo."

"Kama mimba," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Basi fanya."

Nilikuwa na kompyuta iliyotumika kidogo, nikaiandaa kila nilipomaliza kazi ya ofisi. Ilinichosha. Mfumo wa zamani uliamka na kulala, ukaamka na rangi mbovu, ukakataa kipanya. Mwishowe siku moja niliona kwenye skrini ile picha ya mlango wa kanisa la Uvira ambayo mama mkwe aliiweka nyuma ya faili zake, nikajua tumefika.

Kabla sijampelekea, mume wangu alirudi kutoka ghalani akitetemeka. Majibu yakaja: anayo. Tukaambiwa sote wa anwani ile tusitoke, na mama, kwa umri wake, asichanganyike nasi hata kwa chakula. Nilimsogezea mume wangu godoro, nikafungua madirisha ya chumbani, kisha nikasimama kwenye dirisha la jikoni nimwambie mama mkwe aliyekuwa uani anaanika taulo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Swali lake la kwanza lilikuwa la mwanawe. "Bwana yako iko namna gani? Anapumua muzuri?"

"Anapumua vizuri, Mama. Ni homa na kichwa."

"Umupe maji ya moto na tangawizi." Akakunja taulo lililokuwa bado bichi, akalikunjua tena. "Sasa mutoto wangu atazaa bila mimi?"

Nilisema "Pole, Mama," tukasimama hivyo, kioo katikati yetu, mpaka alipoingia kwake.

Siku iliyofuata mchana simu yangu ililia. Alikuwa yeye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua. Uchungu ulikuwa umeanza Smithfield. Mkwe wake alikuwa anampeleka wifi hospitali. "Mimi siwezi kufika. Lakini nguo inaweza kufika. Unipe ile ordinateri mupya."

Nikaifuta ile kompyuta kwa spiriti kila upande, nikavaa barakoa, nikaiweka juu ya kiti uani penye jua na kurudi ndani. Alitoka na glavu zake za kuoshea vyombo, akaibeba kwa mikono miwili, akaufunga mlango kwa kisigino. Kisha tukaanza, mimi nikiwa jikoni na simu sikioni, yeye kule kwake, nami sioni chochote isipokuwa pazia lake.

"Washa, Mama. Unaona nini?"

"Naona buluu. Naona maandishi ya Kiingereza mengi. Sipendi."

"Hayo yaache. Tafuta picha ndogo ya sanduku la rangi ya chungwa. Ibonyeze mara mbili."

Nilisikia anapumua. Kisha, polepole, "Dirisha imefunguka. Ndani ya dirisha kuko nyeusi. Sasa..." Nilisikia kiti kikivutwa.

"Mama?"

"Ni kanisa yetu," akasema. "Iko mule. Na faili zangu, zote, mahali pale pale nilikuwa naziweka."

Nilimwambia afungue programu. Akabonyeza, na badala ya maua kukatokea ujumbe. Akanisomea kwa Kifaransa, neno kwa neno, kwa sauti aliyofundishwa na masista. Mimi Kifaransa sijui hata salamu.

"Sielewi, Mama. Inasema nini?"

Alicheka. Katika wiki ile yote sikuwa nimesikia kicheko nyumbani kwetu. "Leo mimi njo nakufundisha. Inasema ufunguo hauonekane."

Ufunguo! Nilikuwa nimeusahau kabisa. Programu zile za zamani ziliuzwa na kidude cha plastiki kidogo kama kidole cha mtoto. Usipokichomeka ubavuni mwa kompyuta, programu haifunguki. Chake kilikuwa cha kijani, nacho kilibaki kimechomekwa kwenye ile kompyuta iliyokufa. Akakitoa, akakichomeka kwenye mpya, lakini mfumo mpya ulikikamata wenyewe bila kuupa wa zamani. Ilibidi tumwombe mwenye nyumba, yaani mfumo mpya, amruhusu mgeni wake, na maneno ya kuomba yalikuwa ya Kiingereza. Nikamtajia herufi moja moja, lakini majina ya herufi aliyoyajua yeye yalikuwa ya Kifaransa. Alizitafuta kwenye skrini kwa kidole, akinieleza: hii ina mkia, hii ina tumbo mbele. Tukakosea, tukafunga, tukaanza upya. Chumbani mume wangu alikohoa, akauliza kwa sauti iliyokauka kama mama amefanikiwa. Nikamwambia bado.

Halafu kwenye simu nikasikia mlio mfupi wa muziki, ule ambao programu ile iliutoa kila ilipofunguka. Nilikuwa nimeusikia mara nyingi kupitia dirisha lake nikiwa naanika nguo, na sikuwahi kufikiri ungenitoa machozi.

"Imefunguka," akasema. Kisha hakusema nami tena. Alisahau kukata simu, nami sikuikata. Nilisikia akibonyeza, akijisemea kwa Kifulero, lugha ya kwao, akichomeka kitu. Baada ya muda mashine ya kudarizi ikaanza kupiga, ta-ta-ta-ta, ikanyamaza abadilishe uzi, ikaanza tena. Nilimpelekea mume wangu simu, nikaiweka juu ya mto karibu na sikio lake. Alifumba macho akasikiliza. "Nilikulia kwenye sauti hii," akaniambia. "Huko ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Lakini ni hii."

Mtoto alizaliwa alfajiri, msichana. Nguo ilikuwa imekwisha. Mama mkwe aliipiga pasi, akaifunga ndani ya mfuko, akaiacha juani juu ya ukuta wa mbele, na shemasi wa kanisa letu, ambaye alikuwa anapelekea chakula familia zilizofungiwa, akaipitia na kuifikisha Smithfield. Siku wifi yangu alipotoka hospitali alipiga simu ya video. Kompyuta ya zamani isingeweza kuipokea. Mpya iliweza, na skrini yake ilikuwa kubwa.

Mama mkwe alinitaka nami niingie kwenye simu hiyo, kwa hiyo niliwaona wote: yeye na kitambaa chake kizuri cha kichwani, mume wangu amejiegemeza kitandani karibu nami, na wifi amekaa sofani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mtoto alikuwa amefungwa katika nguo ile, ua moja la maharagwe limeangukia shavuni.

"Mama, sijui kumwogesha," wifi akasema, akaanza kulia. "Naogopa atateleza."

"Usilie. Leta beseni. Weka simu juu ya kitu, nione mikono yako."

Akamwelekeza. Kiwiko kwanza kwenye maji. Shingo ya mtoto juu ya mkono wa kushoto, hivyo, usibane. Wifi alifuata, na baba wa mtoto alishikilia taulo, na mama mkwe aliinama mbele ya skrini mpaka tukaona paji la uso wake tu. Mtoto alilia, kisha maji yakampendeza akanyamaza.

Mume wangu alipona taratibu. Siku tuliyoruhusiwa, mama mkwe alivuka uani akaingia jikoni bila kubisha, akamshika mwanawe uso kwa mikono yote miwili, akamgeuza huku na huku kama anayekagua mshono. Kisha akanishika mimi vilevile. Akachukua kisu akaanza kukata vitunguu.

Baadaye aliniambia anataka kuujua na huo mfumo mpya, si wa zamani tu uliomo ndani. Alitaka kupiga simu mwenyewe. Nikamwonyesha mahali pa kubonyeza, na tangu hapo, saa za alasiri, katikati ya mikutano yangu ya ofisi, uso wake ulitokea kwenye skrini yangu ukiwa karibu mno, akaniuliza nimekula nini. Alikuwa uani, ng'ambo ya kamba ya kuanikia nguo. Ningeweza kufungua dirisha nikamjibu. Badala yake niliwaomba radhi wenzangu wa ofisini, nikapokea simu.