Altezza ya Nduwayo na Mawese ya Mama Joan

Nduwayo alikuwa na kichwa cha moto, na pale Benaco hilo lilijulikana hata na madereva wa malori waliokuwa wanalala usiku mmoja tu kabla ya kuvuka mpaka. Ukimwambia boliti hii hujaikaza vizuri, anaitoa, anakuwekea mkononi, anakwambia kaza wewe. Lakini lori likizingua, wanamtafuta yeye yeye. Fundi mwenye mdomo mtamu atakuchekea vizuri, halafu utakwama Nyakahura porini na ng'ombe za watu zinakushangaa. Nduwayo atakutukana, ila utafika.

Sasa huyo Nduwayo alikuwa na Altezza. Gari la mbio, la chini, lile ambalo likipita mbele ya chuo wanafunzi wanageuka. Aliipata kwa Taufiki, kijana wa wale wenye duka la jumla Ngara mjini. Ilikaa nyuma ya stoo yao mpaka kuku wakahamia ndani. Taufiki akasema nipe pikipiki yako, uchukue hili. Wakapeana mikono, yakaisha. Watu walicheka hadi machozi: jamaa katoa pikipiki inayotembea, kachukua banda la kuku! Nduwayo alilifunga kamba nyuma ya lori, akalivuta mpaka Benaco, akaliosha mavi ya kuku kwa mikono yake mwenyewe, akaanza kazi.

Injini ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa puani. Panya walitafuna mpira wa hewa, na boksi la ea klina, pale injini inapochujia pumzi yake, lilikuwa limepasuka vipande. Na bila chujio huendi popote huku kwetu. Kiangazi, barabara ya kwenda Mugoma ina vumbi jekundu laini kama unga. Likiingia ndani ya injini linasaga ringi kama msasa, na hapo umebaki na banda la kuku tena.

"Agiza boksi Mwanza," watu wakamshauri.

"Boksi la nini? Mmeliona lile la kiwandani? Lina tundu kama pua ya panya. Gari la mbio lipumue kwa pua ya panya? Mimi nalitengenezea pua ya fahali."

Akachukua kipande cha bomba la plastiki lililobaki kwenye mradi wa maji. Akalijaza mchanga ili lisibonyee, akaliziba huku na huku, akalizungusha juu ya jiko la mkaa taratibu mpaka likalegea, akalikunja kama anavyotaka. Mbele ya gari, pale taa ya ukungu ilipong'oka, palikuwa na tundu. Akalipitisha bomba hapo hapo nyuma ya bampa, livute hewa baridi ya nje, siyo ile ya moto inayotoka kwenye injini. Sensa ya hewa akaihamisha kwa upole, unajua ile ukiikosea taa ya injini inawaka na gari linakuwa punguani. Kwenye mdomo wa bomba akafunga chujio: waya wa chekecheo alioukunja kama pia, na juu yake sponji ya godoro, nene, ameishona kwa uzi wa nailoni.

Sponji kavu haishiki vumbi. Kila fundi wa bodaboda anajua hilo, lazima uipake oili. Lakini siku ile Nduwayo alikuwa anatazama shati lake. Lilikuwa na doa la mawese tangu Pasaka. Mke wake Benedicta, ambaye watu wanamwita Mama Joan kwa sababu ya binti yao, alikuwa anakaanga samaki na mihogo kando ya barabara, na mawese yake yalitoka upande wa Kigoma, mekundu, mazito. Lile doa lilishafuliwa kwa kila sabuni iliyoko dukani. Halitoki.

"Kitu king'ang'anizi hivi," Nduwayo akasema, "ndicho ninachokitaka. Vumbi likigusa hapa limekwisha."

Akachukua kopo jikoni, akailowesha sponji mpaka ikawa inadondosha.

"Baba Joan, hayo ni ya mihogo," Benedicta akamwambia.

"Leo na injini inakula."

Akalijaribu saa saba mchana, jua kali. Yebaba! Lile gari lilipokanyagwa mafuta lilivuta hewa kwa sauti nzito, kama fahali anayemwona fahali mwenzake, likapanda mlima wa Benaco wakati malori yanahema pembeni. Akina mama wa mihogo walisimama. Dereva mmoja akavua kofia. Ni Sabiti tu aliyeharibu. Sabiti alikuwa na Noah ya kukodi, kijana wa mjini, mtanashati, kanzu yake ya Ijumaa haina hata mkunjo.

"Ndugu yangu fundi," Sabiti akasema, "hilo ni gari au tarumbeta?"

Nduwayo alishika spana. Watu wakamshika yeye.

Ukali wa siku hiyo ulikuwa na sababu. Mdogo wake wa kike, Nice, alikuwa anaolewa Jumamosi kule kwao Mugoma, na kijana wa Nyakahura anaitwa Philbert. Nice alishasema mbele ya ukoo mzima: "Mimi kanisani napelekwa na kaka yangu, kwa gari la kaka yangu. La sivyo naenda kwa miguu." Baba yao, mzee Idefonsi, alitaka Noah. Nduwayo akamwapia baba yake kwamba atamfikisha binti, tena kwa wakati. Na wakati wenyewe haukuwa wa mchezo. Padri pale parokiani anafungisha ndoa kadhaa kwa misa moja, saa tatu kamili mlango unafungwa. Ukichelewa unasubiri kundi lingine, na pombe yako ya ndizi inachachia mtungini.

Ijumaa jioni Altezza ikafika Mugoma ikiwa na Benedicta, Joan, na masufuria. Ilipita safi. Nduwayo akaiegesha uwanjani, akalala amefurahi.

Wewe unajua baridi ya Ngara mwezi wa sita. Asubuhi ukungu ulikuwa umekalia migomba, mbuzi wanatoa moshi mdomoni. Nduwayo akavaa shati jeupe, akaingia, akawasha. Injini ikaitika. Akakanyaga mafuta.

Kho. Kho. Puu.

Akakanyaga tena. Gari likawa kama mtu aliyezibwa pua na mdomo. Ukiliacha linanguruma taratibu, ukiligusa linataka kufa.

Na nani alikuwa amesimama pale? Sabiti. Alikuwa ameleta makreti ya soda kabla ya kwenda kumchukua bwana harusi kijiji jirani, alikolala na watu wake.

"Shikamoo mzee," akamwamkia Idefonsi.

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, usiwe na wasiwasi. Nikimshusha bwana harusi narudi kumchukua bibi harusi. Tarumbeta libaki hapa, litapiga muziki jioni."

"Sabiti, nitakuvunja meno ukale uji kwenye harusi hii!"

"Nduwayo!" mzee akafoka. "Acha ubishi. Binti ataenda na Noah."

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Nice alikuwa ndani anasukwa, ila sikio lake lilikuwa lote nje. Nduwayo alijua. Hilo ndilo lililomchoma kuliko maneno ya Sabiti.

Sabiti akaondoka. Nduwayo akalala chini, shati jeupe na yote, akaingiza mkono nyuma ya bampa. Akaigusa sponji. Ilikuwa ngumu kama kipande cha sabuni. Akaivuta, akaitazama: mawese yameganda kila tundu, ya njano, hata sindano haipiti. Gari halikuwa gonjwa. Lilikuwa limekabwa koo!

Aliyatukana yale mawese kwa Kiswahili, akayatukana kwa Kihangaza. Benedicta akaja kutoka kwenye mafiga, akaangalia sponji, akaangalia mume wake. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Kwa hiyo hukujua mawese yanaganda? Kila asubuhi unaniona nasogeza kopo kwenye moto ndipo nikaange. Ulifikiri tunaota moto mimi na kopo?"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulibeba ukaondoka."

"Mama Joan, usinichekeshe saa hizi."

"Sijakuchekesha, nacheka mwenyewe."

Hapo Nduwayo alikuwa na njia mbili, zote mbovu. Aitupe sponji, aende na bomba wazi: atafika, lakini vumbi lile litakula injini aliyoiosha kwa mikono. Au asubiri jua liyeyushe mawese, na padri amefunga mlango. Hasira ikamwambia itupe. Aliinua mkono kweli. Halafu akaona, nyuma ya mke wake, sufuria kubwa la maji yanayochemka.

Hakuomba ruhusa. Aliitumbukiza.

"Weee! Maji ya wali wangu!" shangazi yake akapiga yowe, mwiko mkononi. "Umeleta godoro kwenye chakula cha watu?"

"Shangazi, nichape baadaye. Nipe sabuni ya unga."

"Nikuchape sasa hivi!"

Akamchapa kweli, mmoja wa mgongoni, halafu akampa sabuni. Nduwayo aliifinya sponji, mawese yakaelea juu mekundu. Akaibadilishia maji, akaifinya tena. Benedicta akavua kitenge chake cha juu, wakaiviringisha humo, mmoja anashika huku, mwingine kule, wakaikamua kama blanketi. Kisha Nduwayo akaenda katikati ya uwanja akaizungusha juu ya kichwa kama mtu anayefukuza ndege kwenye mtama. Mzee Idefonsi akageuza uso pembeni. Wengine walisema anaona aibu. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Sasa ipake nini?" Nduwayo akauliza. Safari hii aliuliza.

"Alizeti," Benedicta akasema. "Hayagandi hata kwenye baridi. Na kidogo, siyo kama unamwogesha. Kama unampaka mtoto mchanga."

Akaipaka kama mtoto mchanga. Akairudisha, akakaza, akawasha. Akakanyaga.

Fahali akaamka. Kuku walikimbia, mbwa wa jirani akaingia chini ya ghala, na kutoka ndani ya nyumba vigelegele vikapasuka. Nice akatokea mlangoni na gauni lake, nywele tayari, akasema neno moja tu: "Nilijua."

Wakapanda. Bibi harusi na msimamizi wake nyuma, shangazi mbele na kofi lake tayari. Barabara ikaanza kupanda, ukungu unafunguka, na gari linavuta pumzi tamu. Nduwayo alikuwa anasikia raha mpaka kwenye kucha. Wakakata kona. Mbele yao, Noah.

Sabiti alikuwa na bwana harusi, anaenda taratibu kama anasindikiza jeneza, na mkia wa vumbi jekundu nyuma yake mrefu kama msafara. Nduwayo akaweka gia, akatoa kichwa cha gari pembeni apite.

"Thubutu!" shangazi akasema.

"Shangazi, jamaa anatutimulia vumbi makusudi!"

"Hata akitutimulia mawe. Bibi harusi anampita mume wake njiani? Unataka Nyakahura waseme binti yetu alikuwa na njaa ya ndoa? Rudi nyuma!"

Hebu fikiria. Gari la mbio, pua ya fahali, mlima mzuri, na mbele Noah. Sabiti akapiga honi mbili, za dharau. Nduwayo akauma meno, mishipa ya shingo ikasimama. Gia ya pili mlima mzima. Vumbi likawafunika mpaka wakafunga vioo, na lile gari likaendelea kupumua bila hata kikohozi kimoja.

Nyuma, Nice akaanza kucheka.

"Unacheka nini?"

"Wewe. Unavyoteseka." Akainama mbele, akaweka mkono kwenye bega la kaka yake. "Kaka, sitaki umpite mtu. Nilitaka nifike nalo. Si tunafika?"

Nduwayo akalegeza mguu kwenye mafuta. Akasogea nyuma kidogo, vumbi likapungua, akaendesha kama mtu aliyebeba mayai.

Parokiani kengele ilikuwa bado. Philbert aliingizwa ndani na watu wake, Sabiti akaenda kutafuta kivuli cha Noah yake. Shangazi akashuka kuulizia zamu yao, msimamizi akamfuata na maua. Mle garini wakabaki wawili, injini imezimwa.

Nice akatazama nje, watu waliojaa, kwaya inajaribu sauti.

"Unakumbuka ulivyokuwa unanipeleka shule na baiskeli ya baba? Ulikuwa unanigombeza njia nzima."

"Ulikuwa unaingiza miguu kwenye spoku."

"Sijawahi kuingiza hata mara moja."

"Kwa sababu nilikuwa nakugombeza."

Wakacheka wote wawili. Mwanga wa asubuhi ulikuwa umefika kwenye kioo, na joto likaanza kuingia ndani ya gari. Nduwayo akatazama mikono yake: oili, sabuni, mafuta ya kupikia. Akaifuta kwenye suruali. Nice akaishika hivyo hivyo, na glavu zake nyeupe.

"Utazichafua."

"Acha zichafuke."

Kengele ikalia. Mzee Idefonsi, aliyekuja nyuma yao kwa bodaboda, alikuwa anavuka uwanja na koti lake la sherehe, anatembea haraka kuliko umri wake, kuja kumchukua binti. Nduwayo akashuka, akazunguka, akamfungulia mlango mdogo wake. Mzee akafika, akatazama gari lililojaa vumbi, akatazama saa, akamtazama kijana wake.

"Umefika," akasema.

"Ego, baba," Nduwayo akaitikia kwa Kihangaza.

Nice akaweka mguu mmoja chini, akasimama, akavuta pumzi ndefu, akampa baba yake mkono. Wakaenda.