Manyoya ya Fuko na Ufunguo wa Stoo

Watu wakisikia kwamba ujana wangu niliutumia kutengeneza nzi, hucheka kwanza, kisha huniuliza kama nzi waliopo hawatoshi. Nimezoea. Nawaacha wamalize kucheka, ndipo nawaeleza kuwa nilifunga nzi wa bandia, wale wa ndoano ndogo iliyovikwa nyuzi na manyoya ili kumhadaa trauti, samaki wa maji baridi ambaye wazungu walimleta wakammwaga kwenye vijito vya huku juu Usambara. Mshambaa gani anavua kwa nzi wa manyoya? Simjui hata mmoja. Lakini mkono wangu uliijua kazi ile, na nilipoambiwa niiache nilikataa. Sikuomba radhi wakati ule na sasa ni mzee mno kuanza.

Kazi niliikuta kwa mama mmoja wa kizungu aliyekuwa na shamba karibu na msitu wa Magamba, miaka michache kabla ya Uhuru. Tulikaa wasichana watatu kwenye chumba chenye dirisha kubwa, kila mmoja na jiliwa lake dogo lililobana ndoano. Sisi tulianzisha uzi, na mwishoni tukazungusha unyoya wa shingo ya kwale pale mbele, mizunguko miwili tu, ili ukilowa ulale na kuchezacheza kama miguu ya mdudu. Lakini mwili wa nzi hatukuruhusiwa kuugusa. Mwili ni manyoya yanayosokotwa juu ya uzi, kisha uzi huo wenye manyoya unazungushwa kwenye ndoano kuanzia nyuma kuja mbele. Yule mama alisema mikono yetu ni mizito, mikono ya jembe. Aliifanya kazi hiyo mwenyewe, ametugeuzia mgongo, na manyoya yake aliyafungia kwenye makopo yaliyotoka kwao.

Iliniuma sana. Mikono ya jembe ndiyo iliyokuwa ikimpikia na kumfulia nguo zake za ndani, wala hakuiona mizito. Basi nikawa namtazama bega. Lilikwenda mbele, likarudi, likaenda mbele, likarudi. Nikasema moyoni, nimekuona. Kumbe sikuona kitu.

Uhuru ulipokuja alikaa kidogo, akauza ng'ombe, akaondoka. Makopo ya manyoya aliondoka nayo. Majiliwa, ndoano na nyuzi za hariri alituachia, nadhani kwa sababu aliamini kwamba bila makopo yale hatungefika popote. Shamba baadaye likawa la kijiji, na sisi watatu tukapewa chumba cha stoo ya zamani tuendelee kama kikundi cha kazi za mikono. Mwenye duka mmoja mjini Lushoto alikubali kutuchukulia nzi awauzie wageni wanaokuja kuvua.

Ila nzi bila mwili ni uzi na unyoya tu. Tulijaribu sufu ya kondoo, ikawa nene na nzito. Tukajaribu manyoya ya mbuzi, yakasimama wima mithili ya nywele za mtu aliyeamshwa. Jibu lilikuwa shambani kwetu siku zote. Huku milimani fuko ni adui wa kila mwenye kiazi. Anachimba chini kwa chini, anakula, na wewe unavuna majani. Kila shamba lilikuwa na mitego, na mafuko waliokufa walitupwa vichakani. Siku moja nilimshika mmoja nimtupe, vidole vikazama kwenye manyoya mafupi, laini, ya rangi ya moshi. Nilirudi naye nyumbani nimemfunga kwenye kanga, na majirani wakasema sasa fundi wetu wa nzi amerukwa na akili.

Mmoja wa wenzangu alikuwa Mwislamu mshika dini. Yule mzungu alikuwa akilamba vidole kabla ya kusokota, nasi tukadhani ndivyo inavyotakiwa. Mwenzangu akasema wazi kuwa ulimi wake hautakutana na fuko maisha yake yote. Tukaomba nta kwa warina asali, tukaipaka kwenye uzi, na manyoya yakashika vizuri kuliko kwa mate. Hilo la kwanza tulimshinda yule mama, na tulilishangilia.

La pili ndilo lililotuponza. Niliwafundisha wenzangu kusokota kama nilivyoona bega likifanya, vidole mbele, vidole nyuma. Na mikono yetu ilipokea upesi, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Kila mwanamke wa kwetu amesokota kamba pajani, kiganja kikisukuma nyuzi mbele kisha kuzirudisha nyuma. Tukafunga nzi wa kujaza sanduku zima. Walipendeza, nakwambia. Baada ya wiki mbili mwenye duka akalirudisha. Nzi wetu walipoingia majini, miili ilivuka kama soksi iliyolegea, ndoano zikabaki uchi.

Habari zilimfikia mwenyekiti wa kijiji kabla hazijanifikia mimi. Alikuwa mtu wa rika la baba yangu, mchapakazi, mcheshi, fundi wa kusuka kamba za kufungia ng'ombe, na alikuwa anakitaka chumba kile aweke mbolea. Alikuja stoo asubuhi na mapema.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti," nikamwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Toeni vitu vyenu vya mkononi. Nafunga."

"Unafunga kwa sababu gani?"

"Kwa sababu huu ni mchezo wa wakoloni, na hata huo mchezo wenyewe hamuuwezi. Mnamwiga mzungu, mnashindwa. Jumatatu wote watatu mhamie shamba la kijiji kutwa nzima."

"Shambani tunakuja kila asubuhi kama wengine, na unatuona. Hapa tunaingia mchana, baada ya jembe."

"Basi sasa na mchana nao mtakuwa na jembe," akasema, akafunga kufuli na kuutia ufunguo kwenye mkanda wa suruali yake. Majiliwa yetu matatu yakabaki ndani; nilitoka na kikapu chenye nyuzi, nta, manyoya na ndoano chache tu. Nilimwambia kwamba Jumatatu hiyo nitamletea nzi asiyevuka nguo, na akishindwa kumvua kwa mikono yake ataurudisha ufunguo. Alicheka akakubali, kwa kuwa aliniona sina hata jiliwa.

Nilifika nyumbani nimekasirika hadi machozi. Mama yangu alikuwa amekaa jikoni na fungu la katani iliyopandishwa kutoka Mombo, anasokota kamba ya mbuzi pajani. Nikamweleza yote, nikamwonyesha nzi aliyevuka. Akamgeuza, akanirudishia, akasema kwa Kishambaa, kwa ile sauti anayomwambia mtoto kuwa amevaa gauni nje ndani:

"Umesokota uzi mmoja?"

"Ndiyo."

"Mbele na nyuma?"

"Ndiyo, kama wewe."

"Mimi nina nyuzi mbili. Nikizipeleka mbele kila mmoja unajisokota. Nikizirudisha zinakumbatiana. Wewe wako mmoja, ukiurudisha nyuma utamkumbatia nani? Unasokota, kisha mwenyewe unasokotoa."

Nilitaka kujipiga kofi. Miaka yote ile nilikuwa nimelitazama bega, na bega la yule mama liliporudi nyuma vidole vyake vilikuwa vimeachia uzi, vinakwenda kuanza tena upande uleule. Kama angetugeukia mara moja tu ningeliona. Lakini sikukaa kumlaani, kwani mama yangu alikuwa amenionyesha njia iliyo bora kuliko ya mzungu.

Jiliwa sikuwa nalo, kwa hiyo nilichomeka ndoano kwenye ufa wa mwimo wa mlango wa jikoni. Nikafunga uzi, nikaukunja ukawa kitanzi cha nyuzi mbili zilizopakwa nta. Katikati ya nyuzi hizo nikatandaza manyoya ya fuko, machache, machache kuliko roho inavyotamani, yawe haba upande wa mkia na yaongezeke kidogo kuelekea kichwani. Chini ya kitanzi nikatundika msumari na kuuzungusha upande mmoja tu, bila kurudi. Nyuzi mbili zikakumbatiana, zikayabana manyoya katikati. Nikapata kikamba chembamba chenye vinyweleo pande zote, nikakizungusha kwenye ndoano. Nikamalizia kwa unyoya wa kwale, mizunguko miwili. Nikamtupia kwenye sufuria la maji. Vinyweleo vikafumuka, vikabeba mapovu madogo, na mwili haukusogea.

Jumatatu niliingia ofisi ya kijiji na wenzangu wawili. Nikamwamkia mwenyekiti, nikamwekea nzi kiganjani. Akajaribu kumbandua manyoya kwa kucha. Akajaribu kumsukuma kwa dole gumba. Akamlowesha kwenye kikombe chake cha maji, akavuta tena. Uso ukaanza kubadilika. Na hapo akafanya kile ambacho kila msuka kamba wa kwetu hukifanya anapotaka kujua kama kamba imekaza. Alimtia mdomoni amvute kwa meno.

Ndoano ikamshika mdomo wa chini.

Alipiga kelele moja, halafu akaganda. Wenzangu walitazama dari. Mimi nilimshika kidevu.

"Ndugu Mwenyekiti, usiseme kitu. Ukisema inazidi kuingia."

Hilo lilikuwa kweli. Sisi tulikuwa tumejichoma mara nyingi na tulijua namna ya kuitoa: unapitisha uzi kwenye kona ya ndoano, unakikandamiza chini kichwa chake, unavuta ghafla. Ni kazi ya kupumua mara mbili. Lakini sikuwahi kumpata mwenyekiti akiwa kimya, nami nilikuwa na mengi. Nilitafuta uzi polepole, na nilipokuwa nautafuta nikazungumza.

"Ulisema tunamwiga mzungu. Hayo manyoya ni ya fuko aliyekula viazi vyako na vyangu. Huo unyoya ni wa kwale wa Magamba. Nta ni ya mizinga ya hapa hapa. Usokotaji nimefundishwa na mama yangu, jikoni, na katani ya kamba ya mbuzi. Cha mzungu hapo ni uzi na ndoano tu, na ndoano yenyewe iko mdomoni mwako. Nalima kama wanavyolima wanaume, na hujaniona nimekaa. Nikitoka shambani nina kazi ninayoijua, na siachi kazi ninayoijua ili wewe upate pa kuweka mbolea. Umenisikia?"

Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Akatingisha kichwa kidogo, kwa uangalifu, kuonyesha kuwa amesikia.

Nikapitisha uzi, nikakandamiza, nikavuta. Damu ilitoka tone moja. Nzi nikamsuuza kwenye kikombe kilekile na kumweka mezani mbele yake. Sote wanne tukainama kumtazama. Manyoya ya fuko yalikuwa palepale nilipoyafunga, na alama za meno ya mwenyekiti hazikuonekana.

Alijipangusa mdomo kwa kitambaa, akafungua mkanda, akautoa ufunguo. Kabla ya kunipa aliinama karibu na sikio langu, mdomo umeshaanza kuvimba, akaniomba habari hii nisimwambie mtu.

Ufunguo niliupokea. Ahadi sikutoa.